Mluzi wa Tyubu

Kazini walimwita Sikio, na jina likamganda mpaka mkewe mwenyewe akalizoea. Miaka yote aliyokaa nyuma ya kioo cha studio ya redio, hakuna mtangazaji aliyekunjua karatasi, aliyemeza mate au aliyekuja na njaa tumboni asimnase. "Umekunywa soda," angesema kwenye spika ya ndani. "Ngoja iteremke ndipo usome taarifa." Watu walicheka, lakini walingoja. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, mitambo ikang'olewa ikaletwa mingine, yeye yupo tu. Alipofika umri wa kustaafu walimpa saa ya ukutani, keki, na hotuba ndefu kutoka kwa mkuu wa idara. Kipaza sauti cha hotuba hiyo kiliwekwa vibaya, kikawa kinavuma. Wiki nzima Sikio alikuwa akiilalamikia hotuba ile. Maneno yake hakuyakumbuka hata moja.

Mtu wa namna hiyo humwambii akae mlangoni ahesabu wapita njia. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameoa na kuhama, chumba chake kipo wazi, na Sikio akakivamia. Alisimamisha magodoro makuukuu ukutani, akatundika mablanketi, akang'oa milango ya kabati la nguo na kulisheheneza makoti, ili mwimbaji aimbe akiwa amelielekea na sauti isirudi nyuma. Kompyuta alikuwa nayo. Maikrofoni moja nzuri aliinunua redio walipouza vitu vyao vya zamani. Kilichokosekana ni priampu.

Maikrofoni yenyewe hunong'ona tu. Lazima katikati pawe na kifaa cha kuipa sauti nguvu kabla haijaingia kwenye kompyuta, na hicho ndicho mafundi wanachokiita priampu. Zile alizozizoea kazini zilikuwa za tyubu, yaani zina taa za kioo ndani kama redio za zamani, na ukiambiwa bei yake unauliza kama nyumba imo. Lakini siku hizi kila kitu cha wakubwa kina ndugu yake wa bei poa. Kwenye duka la vyombo vya muziki, muuzaji alimtolea kijisanduku cheusi kisichozidi mkate, chenye kidirisha mbele. Alipokichomeka umeme, ndani ya kidirisha tyubu ikawaka rangi ya chungwa, na mshale mdogo ukaamka.

"Hii, mzee wangu, ndiyo inayoipa sauti joto," muuzaji alisema.

Sikio hakumwacha amalize. Joto lile alilijua tangu ujana wake. Ndilo lililokuwa likimfanya msikilizaji aliye mbali ahisi mtangazaji yupo mezani pake. Tangu astaafu, kila alichosikia kwenye redio na simu za watu kilimfikia kama kimefunikwa blanketi, akawa analaani mitambo ya kisasa na walioitengeneza. Alikipakata kijisanduku kile njia nzima.

Wa kwanza kuimba mbele yake alikuwa binti yake wa mwisho. Alikuwa kitinda mimba, na nyumba nzima ilimwita Kitinda hata baada ya kuolewa. Alifundisha shule ya msingi, na jioni alikuwa akiimba kwenye hafla za watu. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya kukwaruza mwishoni, sauti ambayo ukiisikia unaacha kutafuna. Siku hiyo aliimba akiwa ameyaelekea makoti ya babake, na Sikio, hedifoni masikioni, alijikuta anafuta machozi kwa kiganja.

Mkewe alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, mashine yake ipo sebuleni, na ilibidi aizime kila mumewe alipopaza sauti: "Cherehani!"

"Kuna kitu kinapiga mluzi," alisema.

"Mluzi gani?"

"Kama wa mbu. Mwembamba hivi. Husikii?"

"Feni ya jirani hiyo."

Mkewe alitazama dirishani. Kitinda alikuwa amefungua mdomo, kisha akaufunga. "Labda," mama mtu alisema, akarudi kwenye mapazia yake.

Mwanzoni wateja walikuja. Alikuja mhubiri mwenye mawaidha marefu, wakaja vijana wa muziki wa kufokafoka, ikaja kwaya nzima iliyojipanga mpaka ukumbini kwa kukosa nafasi. Wiki mbili baadaye mwalimu wa kwaya alirudi peke yake, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole, wa kuzunguka mbali kabla ya kufika anakokwenda. Alisifu chumba, akasifu chai. Kisha akasema kule redioni walikopeleka nyimbo wamelalamika kidogo. Eti kuna sauti ya juu juu inalia mwanzo hadi mwisho, na kila neno lenye S linachoma kama pasi ya moto.

"Nani kasema?"

"Fundi wao wa sasa."

"Yule niliyemfundisha kufunga waya?"

"Hata sisi wenyewe, mzee, tulipokaa kusikiliza..."

Sikio akacheka, kicheko kile cha kumweka mtu mahali pake. "Mwalimu, nyinyi masikio yenu yamezoea vile vipaza vya mikutano, vya kutangaza mtoto kapotea. Mkiletewa sauti safi mnaona inachoma. Hilo si kosa langu, wala si kosa lenu." Akamsindikiza hadi nje huku akimpigapiga begani. Mwalimu wa kwaya alivaa kofia yake, na kwaya haikukanyaga tena.

Baadaye mhubiri naye akayeyuka. Vijana walipita dirishani wakisalimia kwa adabu, hawaingii. Juu ya duka la dawa, mtaa wa pili, ilikuwa imefunguliwa studio nyingine, na Sikio alikuwa na maelezo yote. Ni kijana mwenye nywele za kusuka, hajui hata kushika waya, anawavuta watu kwa sofa na taa za rangi. "Nenda ukasikilize wanachotoa," alikuwa akimwambia mkewe wakila. "Matope matupu. Sauti haina makali, haina uhai." Mkewe alimsogezea chumvi. Na kwa kuwa dunia nzima ilikuwa imevaa blanketi, Sikio alizidisha makali kwenye kazi zake, akazidisha tena.

Kisha Kitinda akasema anataka kutoa albamu.

"Nyimbo zangu mwenyewe, baba. Nimezikusanya kwa muda sasa."

"Na utarekodi wapi?" Sikio aliuliza, kwa utani.

Kitinda alimtazama mama yake mara moja, haraka. "Hapa. Wapi tena?"

Zikawa wiki za furaha. Kitinda alikuja akitoka shule, mikono ina chaki, babake amekwisha pasha priampu mapema kwa sababu tyubu, alivyosema, haitaki kukurupushwa. Walirekodi, wakafuta, wakarekodi. Mama mtu alizima cherehani bila kuambiwa, na kama kawaida kila wimbo ulipokwisha Kitinda alivua hedifoni akasema, "Nisikie, baba," akaja kusimama nyuma ya kiti kusikiliza.

Wimbo mkubwa wa albamu ulikuwa na mstari huu: "Umeondoka na funguo, mimi nimebaki na mlango." Siku walipourekodi, Kitinda alikuwa na mafua. Pumzi ilimkatikia katikati, baada ya "funguo," akaivuta kwa mkwaruzo kama mtu anayejizuia kulia. Alitaka kurudia. Sikio alikataa katakata.

"Hiyo pumzi iache. Umewahi kuona mtu kaachwa mlangoni halafu anaimba bila kutweta? Pumzi hiyo ndiyo wimbo wenyewe."

"Wataniona sijui kuimba."

"Wataona una moyo. Niamini."

Aliisikiliza pumzi ile peke yake mara nyingi kuliko alivyousikiliza wimbo. Alipomaliza kazi alimkabidhi Kitinda nyimbo zote, naye Kitinda akamkumbatia kwa nguvu, akakaa hivyo muda mrefu kidogo.

Siku ya kuizindua, sebule ilijaa. Cherehani ilifunikwa kitambaa na kuwekewa bilauri juu. Walikuja ndugu, walimu wenzake Kitinda, majirani, na wazee kadhaa wa redioni, akiwemo mtangazaji mstaafu ambaye sauti yake bado ilitetemesha vioo. Hata mwalimu wa kwaya alikuwepo, kakaa karibu na mlango. Mume wa Kitinda alileta spika mpya, kubwa, za kuazima.

Kabla hazijawashwa, Sikio aliombwa aseme machache. Akasema mengi. Aliwaeleza habari ya joto la sauti. Aliingia chumbani akatoka na priampu yenyewe, akaizungusha mbele ya watu kama mtoto mchanga anayeonyeshwa jamaa. "Wengine watawaambia ni mpaka uwe na mamilioni," alisema, akimtupia jicho mwalimu wa kwaya. "Mimi nawaambia ni mpaka uwe na sikio." Watu wakapiga makofi. Mkewe alikuwa akitazama sakafu.

Wimbo ukaanza. Gitaa likapita, ngoma ikaingia, na sauti ya Kitinda ikaijaza sebule, tamu, imetulia, iko karibu. Sikio alifumba macho akaisubiri pumzi yake.

"Umeondoka na funguo mimi nimebaki na mlango."

Mstari ulipita moja kwa moja, laini kama kitambaa cha hariri. Pumzi haikuwepo.

Alifumbua macho. Alidhani amepitiwa. Wimbo ukazunguka, mstari ukarudi, na mara hii aliinama mbele kama anayechungulia kisima. Hakuna. Hayo hayakuwa mafua ya siku ile, wala siku ile yenyewe. Mtoto wake alikuwa ameimba wimbo huu mahali pengine, mbele ya mtu mwingine, akiwa mzima wa afya.

Wimbo ulipokwisha watu walisimama. Mtangazaji mstaafu alimkumbatia Sikio mpaka miguu yake ikaiacha sakafu. "Sikio bado ni Sikio!" alinguruma. "Umesikia hilo joto? Hawa watoto wa siku hizi watalitoa wapi?" Na Kitinda, machozi yakimlengalenga, alishika kipaza sauti akasema: "Bila baba yangu na kile kisanduku chake nisingefika hapa. Baba, asante."

Wote walimgeukia. Sikio alikuwa bado amekipakata kisanduku. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asante, mwanangu. Kazi yako hiyo." Akatabasamu, na akaendelea kutabasamu mpaka mgeni wa mwisho alipoaga, mashavu yanamuuma.

Alimkuta mkewe jikoni anaosha bilauri.

"Wamerekodi wapi?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto, mama watoto. Wimbo ule si wa chumbani kwangu."

Mkewe aliosha bilauri iliyokuwa mkononi, akaisuuza, akaipangusa. Hakuwa mtu wa kusema uongo moja kwa moja. Uongo wake wote ulikuwa wa kunyamaza. "Juu ya duka la dawa," alisema.

"Nyimbo zote?"

"Zote."

"Na wewe ulijua."

"Nilimsindikiza."

"Ukaingia ndani?"

"Nikaingia."

"Ukakaa kwenye sofa lao."

"Nilikuwa nimechoka, Sikio. Ngazi zile ni nyingi."

Kati ya yote, sofa ndilo lililomkata maini. Alimwona mkewe amejikunja pale na mkoba mapajani, anasikiliza mtoto wao akiimba, wakati yeye yuko nyumbani anapasha tyubu.

"Nilikwambia siku ya kwanza kabisa," mkewe alisema. "Nilikwambia kuna mluzi. Kile kisanduku kinalia. Ukikiwasha tu kinaanza, na kimo ndani ya kila ulichorekodi, na hizo S zako zinatoboa kichwa. Mtoto alilia siku alipozisikiliza kwake. Alitaka kuja kukwambia. Mimi ndiye niliyemkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwalimu wa kwaya alikwambia. Ulimfanya nini?"

Sikio aligeuka akaenda chumbani, na baada ya kitambo akamwita mkewe, si kwa hasira. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Alimwonyesha kigoda cha mwimbaji, akamwomba akae akiwa amempa mgongo.

"Nitapiga mlio. Ukiusikia, inua mkono. Ukipotea, teremsha. Usinionee huruma."

Kazini alikuwa akiwapima hivyo mafundi wapya, miaka iliyopita. Akaanza na mlio mnene. Mkono wa mkewe ukapanda. Akaupandisha, ukawa mwembamba, ukawa kama filimbi, kama maji yanayochemka mbali. Akaupandisha tena, na chumba kikawa kimya.

Mkono ulikuwa juu.

Alingoja. Alitazama spika, akatazama waya zake. Hakuna waya uliochomoka. Aliuzima mlio taratibu bila kugusa kitu kingine, na mkono wa mkewe ukashuka. Akauwasha. Mkono ukapanda. Alizima na kuwasha mara kadhaa, na kila mara mkono ule mnene wenye alama za sindano ulipanda na kushuka ukifuata kitu ambacho kwake hakikuwepo duniani. Akaongeza mpaka mkewe akakunja uso na kuziba sikio kwa bega. Yeye alisikia moyo wake tu.

Mwishowe alizima kila kitu, akawasha priampu peke yake. Tyubu ikang'aa. Mkewe, bila kugeuka, bila kuambiwa, aliinua mkono.

"Ndiyo huo," alisema. "Kuna siku nilikuwa nashona hata pasipo na kazi, nisiusikie."

Kesho yake, mkewe alipokwenda sokoni, Sikio alichukua bisibisi akakifungua kisanduku. Alikuwa amekifungua mara nyingi kichwani, kwa mkono hajawahi, labda hakutaka. Nyuma ya tyubu, imegundishwa kwenye ubao, kulikuwa na taa ndogo ya rangi ya chungwa, ya aina ile inayowekwa kwenye vichezeo. Mwanga wote ulitoka hapo. Tyubu yenyewe ilikuwa inapata umeme wa kuombaomba, kiasi kwamba haifanyi kazi yake wala haifi. Fundi yeyote angeliona hilo kwa kutupa jicho. Alirudisha skrubu moja moja, akaketi.

Hakumwambia Kitinda kwamba amejua, na mkewe aliombwa asimwambie. Alitaka mtoto aje mwenyewe. Kila alipokuja kuwasalimia, Sikio alimtengea nafasi ya kusema. Alikaa naye peke yake, akanyamaza, akamuuliza habari za albamu. Kitinda alijibu vizuri kila swali. Wimbo wa funguo ulikuwa ukichezwa kila mahali, na kila mwandishi aliyemhoji aliambiwa habari za baba na kisanduku chake. Sikio akawa anasimamishwa barabarani na watu wanaotaka kumshika mkono. Aliwapa mkono, akarudi nyumbani, akakaa chumbani kwake mbele ya kompyuta iliyozimwa.

Ulipita karibu mwaka, na siku moja Kitinda akaja na uso wa furaha. "Baba, nina nyimbo mpya. Tuingie lini studio?"

Sikio alimtazama kwa makini. Hakuona hata chembe ya aibu. Aliona huruma, ile ya mtu anayemkatia mgonjwa nyama vipande vidogo.

"Wakati wowote," alisema. "Chumba kipo."

Kitinda alikuja Jumamosi asubuhi. Sikio alikuwa amefagia, amenyoosha mablanketi, amepasha priampu. Alimwekea maikrofoni kimo chake, akamrekebishia hedifoni, kila kitu kama zamani. Akaketi kwenye kompyuta, akafungua programu ya kurekodia, na mkono wake ulipofika kwenye kitufe cha kurekodi, ukapita. Hakukibonyeza.

"Haya, mwanangu. Twende."

Kitinda aliimba. Aliimba wimbo wa kwanza na wa pili, na wa tatu aliurudia kwa sababu alikosea neno. Mshale wa priampu ulikuwa ukicheza kwenye kidirisha, na ndani ya kompyuta hakikuingia kitu. Sikio alikuwa akisubiri. Moyoni alijiambia, akija kusimama nyuma ya kiti changu, akisema "nisikie, baba," nitamwambia yote, tutalia, tutacheka, yataisha. Sauti ya Kitinda siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kuisikia, au tuseme sehemu yake aliyoweza kuisikia. Mara mbili alikaribia kubonyeza.

Wimbo wa mwisho ulikwisha. Kitinda alivua hedifoni akazitundika.

"Imetulia, baba?"

"Imetulia sana."

"Basi mimi nikimbie, watoto wako peke yao." Alikuwa amekwisha inama anafunga viatu.

"Hutaki kusikia?"

"Nakuamini, baba."

"Nikutumie lini?"

"Wakati wowote. Hakuna haraka." Akambusu shavuni akaondoka.

Hakuuliza wiki ile, wala mwezi ule. Alipiga simu mara kwa mara, akauliza afya, miguu ya mama, jirani aliyevunjika nyonga. Nyimbo hakuzigusa. Sikio hakuzigusa pia, akawa kama mtu aliyetega mtego na sasa anaogopa kwenda kuutazama. Mkewe alimwona anapungua, akamwekea chakula zaidi.

Albamu ya pili ilitoka. Kitinda alikuja nayo siku ya Jumapili mchana, na keki ndani ya boksi, na kwenye jalada palikuwa pameandikwa kwa herufi nzuri kwamba imerekodiwa na babake. Mama mtu alienda jikoni kutafuta sahani. Sikio alilishika jalada lile kwa ncha za vidole.

"Siku ile," alisema, "sikurekodi."

Sikio alikuwa amejiandaa kwa mengi: ashtuke, aone haya, akane, apige magoti. Alikuwa ameyapanga maneno yake ya kumjibu kwa kila moja.

"Najua, baba," Kitinda alisema kwa upole. "Alama nyekundu ya kurekodi haikuwaka. Niliona nilipogeuka, tangu wimbo wa kwanza."

"Uliona?"

"Niliona umesahau kubonyeza. Sikutaka kukuaibisha, ndiyo maana nikaendelea tu kuimba." Alimshika mkono. "Nilimwambia mama. Tumezungumza na kaka pia. Yuko daktari mmoja wa wazee, wanamsifu sana, si lazima iwe jambo kubwa. Ni kukuangalia tu."

Sikio alimtazama. Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akiambiwa. Kwamba wameketi, wote watatu, wakamjadili. Kwamba masikio walikwisha yamaliza zamani na sasa walikuwa wamefika kwenye akili.

"Sikusahau," alisema. "Nilifanya makusudi. Nilijua hutazitumia. Nilijua tangu siku ya uzinduzi, pumzi haikuwepo, kwenye funguo. Muulize mama yako. Nilikuwa nangoja uniombe nyimbo, hukuniomba. Makusudi, unanielewa? Nilikuwa na akili zangu zote."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda, maneno yakigongana, na mkewe akatokea mlangoni na sahani, akasimama hapo. Mama na binti wakatazamana, haraka.

"Mama watoto, mwambie. Mwambie nilijua."

"Alijua," mkewe alisema. Lakini alilisema lile neno kwa sauti ileile ambayo miaka ya nyuma alikuwa akiwaambia watoto kwamba ndiyo, mwanasesere naye ameshiba.

Kitinda aliuminya mkono wa babake, akapapasa mgongo wa kiganja hicho kwa kidole gumba.

"Sawa, baba," alisema. "Sawa."

Kisha akakata keki, akampa kipande cha kwanza.